Mbwamwitu kwenye mwanga

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza jambo moja tu: kati ya zile filamu mbili tulizotazama usiku ule, ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, na ya kijana anayegeuka mbwamwitu, ipi nzuri? Ya pili ulisinzia kabla haijafika mbali, ndiyo maana unauliza. Nitakujibu, lakini kwanza niseme la dada yako.

Alilia, unakumbuka, pale Freddie anapowaambia wenzake kwenye chumba cha mazoezi kwamba ana Ukimwi, na tamasha la hisani la Live Aid limekaribia. Nami badala ya kunyamaza nikasema palepale: "Live Aid ilikuwa Julai 1985. Majibu yake aliyapata 1987." Akainuka akatoka. Mpaka leo mlango ule nausikia.

Nilisema kweli, ila nilimsemea mtu aliyekuwa akilia. Hilo najua. Hata hivyo hasira yangu haikuwa juu yake. Mwajua wote neno langu: mwenye kazi safi huifanya kwenye mwanga. Ile filamu ya Freddie, Bohemian Rhapsody ya 2018, inafanya kazi yake gizani.

Si kwamba tarehe hazihamishwi. Freddie aliishi miaka 45, filamu ina saa mbili na robo. Lazima kitu kisogezwe. We Will Rock You ni wimbo wa 1977, wao wameutungia mwaka 1980, na sioni aliyeumia. Lakini wanasema kundi lilisambaratika kwa sababu Freddie alikwenda kurekodi peke yake, kana kwamba ni usaliti. Wenzake walimtangulia: Roger Taylor alikwisha toa albamu yake mwenyewe mwaka 1981, na Brian May akatoa kazi yake ya pembeni 1983. Mwaka 1984 Queen walitoa albamu ya The Works, wakazunguka nayo hadi Japani, Mei 1985. Miezi miwili baadaye wako uwanja wa Wembley, kwenye Live Aid! Vidole vilikuwa bado na joto, sauti imezoea viwanja, na nyimbo walizikatakata wakazifanyia mazoezi zienee kwenye dakika ishirini hivi. Ndiyo siri ya zile dakika. Filamu imeifuta siri hiyo, ikaweka ugonjwa mahali pake. Ufundi wa watu wanne umegeuzwa muujiza wa mgonjwa mmoja.

Na Zanzibar je? Freddie, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa huko mwaka 1946, akasomeshwa bweni India, familia ikahamia Uingereza 1964. Filamu inamkuta 1970 akipakua mizigo uwanja wa ndege London, na utoto wote unamalizwa kwa maneno machache mezani. Rami Malek aliyemwigiza simlaumu, alibeba alichopewa. Filamu ilipata Oscar ya uhariri pia. Rudia lile tukio la kukutana na meneja wakiwa wamekaa nje mezani, utaona picha inavyokatwa kila mtu akimeza mate. Jicho halipati pa kutua.

Sasa njoo kwa ile ya mbwamwitu, An American Werewolf in London, ya 1981. Zamani, kwenye The Wolf Man ya 1941 na zilizoifuata, fundi wa mekapu Jack Pierce alibandika manyoya ya yaki, ng'ombe wa milimani, kidogo kidogo kwenye mwili wa mwigizaji Lon Chaney Jr., na picha ya kila hatua ikayeyushiwa kwenye ya hatua iliyofuata. Mwigizaji akisogea kidogo tu, picha hazilingani, kwa hiyo mtu anageuka mnyama huku ametulia kama maiti. John Landis, mwongozaji wa hii ya 1981, alitaka mwili uumie, uhangaike, na taa ziwake. Fundi wake wa mekapu, Rick Baker, akamtengenezea viungo vya mpira wa povu. Mpira huo hupigwa mpaka uumuke, humiminwa kwenye kalibu, kisha huokwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Ukiganda kabla haujajaza kalibu, unabaki na mashimo ya hewa. Kingo zisipokuwa nyembamba kabisa, mshono unaonekana. Zikiwa nyembamba, zinachanika wakati wa kubandua, basi kesho yake unavaa kingine kipya. Mkono unaorefuka ni mkono bandia unaosukumwa kutoka ndani. Nywele zinazoota ni nywele zilizovutwa kupita kwenye ngozi bandia, picha ikachezwa kinyumenyume. Mwishoni David Naughton, anayemwigiza yule kijana David, yumo shimoni chini ya sakafu, juu kimebaki kichwa na mikono tu, na mwili wa mnyama uliolala nyuma yake si wake. Oscar ya kwanza kabisa ya mashindano ya mekapu ilikwenda kwa Baker.

Utaniambia, mama, hata Landis anakata: mkono, kisha uso, kisha mgongo, na kila mkato unaficha kifaa. Ni kweli, nimeliwaza sana hilo. Lakini yeye anachoficha ni shimo la sakafuni. Maumivu ya yule kijana hayafichi, na hakuna mtu halisi aliyebebeshwa kosa lisilo lake ili tukio lipendeze. Au labda namwonea huruma Freddie kupita kiasi, kwa kuwa dada yako alimlilia kwa machozi ya kweli, na machozi hayaulizi mwaka. Bado sijalimaliza.

Ipi nzuri, basi? Ulimi unaniwasha, mwanangu. Lakini nimemwahidi dada yako kwamba sitahukumu tena filamu mbele ya mtu ambaye hajaimaliza. Anzia pale David anapokaa peke yake na kitabu, Sam Cooke akaanza kuimba Blue Moon. Usizime taa. Ukimaliza, mpigie dada yako kabla ya kunipigia mimi.

Mama yako