Barua kwa Neema: benki au vyura

Changanyikeni, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

Uliniuliza kama uache benki uje kusoma uzamili wa zuolojia, na kama mimi ningeipita tena njia hii. Kwenye simu nilikujibu kwa mzaha; mama yako akanisema.

Hela nizimalize haraka, maana ulizishuhudia. Posho ya porini huingia umesharudi, na faili langu la kupandishwa cheo lililala kabatini kwa mtu miaka miwili.

Sasa chura wa Kihansi. Kiganjani hafiki sentimita tatu, manjano kama ndizi mbivu, na tumbo la jike ni jepesi hata watoto unawaona ndani. Hatagi, anazaa vichura kamili, hakuna viluwiluwi. Ukisimama kwenye ule mteremko wa manyunyu ya maporomoko unajiuliza: dimbwi la kulelea viluwiluwi lingekaa wapi? Swali hilo limeninyima usingizi kuliko mshahara.

Duniani kote aliishi pale tu, chini ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Wanasayansi walimwona 1996. Kufikia 2000 maji yalishageuziwa mitambo ya umeme, manyunyu yakakatika. Yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji, na vyura 499 wakapelekwa Marekani. Juni 2003 bado walikuwa maelfu. Januari 2004 wakaonekana watatu. Ugonjwa wa kuvu ulikuwa umeshaingia.

Mahafali yako ya chekechea yaliangukia kipindi hicho. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani, tochi mdomoni, nahesabu sifuri. Sifuri nayo inaandikwa daftarini, pamoja na saa yake. Najua hujasahau, wala sijitetei.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa, wakalelewa hapa chuoni Mlimani. 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Siku ya kwanza kuwasikia wakilia kwenye matangi, nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Kwa hiyo ndiyo, ningerudia, ila kwenye chekechea ningekuja. Kwako sina jibu, kwa sababu sijui kama sifuri itakuchosha.

Pasaka njoo ulale hapa. Jioni tutakaa barazani tuhesabu kunguru wanaokwenda kulala, hawa wa Kihindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakatuvamia mji mzima. Saa nzima, simu ndani. Kesho yake tunahesabu tena, na keshokutwa. Daftari nitakupa la kwangu, kurasa za nyuma bado ziko wazi.

Baba yako