Mahabharata au Ramayana? Anza na hadithi zilizomo tumboni

Mkuu, umeuliza uanze na ipi kati ya Mahabharata na Ramayana, zile tenzi kuu mbili za kale za India, maana unataka usome kisha uwasimulie wanao. Mimi niliingia mkenge: nilianza Mahabharata toka ukurasa wa kwanza. Ni beti kama laki moja, vitabu 18, na kabla Pandava, wale ndugu watano ambao ndio mashujaa wake, hawajazaliwa umeshapitishwa ukoo mzima. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikasema leo ndiyo leo, nikaanza na mfalme Shantanu. Kufika kwa wajukuu zake, wasikilizaji wangu watatu wote wanakoroma.

Achana kwanza na vita. Fungua kitabu cha tatu, Vana Parva, ambamo Yudhishthira, mkubwa wa Pandava, yuko uhamishoni porini na wahenga wanamliwaza kwa hadithi. Humo yumo Damayanti, binti mfalme anayempenda mfalme Nala. Siku ya kuchagua mume anaingia ukumbini, anawakuta akina Nala watano, sura moja. Wanne ni miungu waliojigeuza. Hapo nilinyamaza, nikauliza: atamjuaje wake? Kitinda mimba akasema, "Amwite jina." Nikamwambia, wataitika wote watano! Basi Damayanti akawaomba miungu wajidhihirishe, ndipo akaona: wanne hawatoki jasho, hawapepesi macho, maua yao mabichi, miguu haigusi chini, hawana kivuli. Wa tano ana vumbi, jasho linamtoka, na shada lake limenyauka. Akamvisha huyo shada la kumchagua. Kesho yake watoto walishinda wakishindana kutopepesa macho.

Humo humo yumo Savitri, anayemfuata Yama, mungu wa mauti aliyemchukua mumewe, mpaka anamnasa kwa ahadi yake mwenyewe: umenipa wana mia, nitawazaa na nani kama mume umemchukua?

Ramayana iwe ya pili. Ni fupi, beti kama 24,000, na njia yake imenyooka. Ila ujue unasoma ya nani: kwa Valmiki, mshairi wa ile ya kale, Sita, mke wa shujaa Rama, anakuja kufukuzwa akiwa mjamzito; Tulsidas, mshairi aliyeisimulia upya baadaye, hilo kaliacha nje. (Na ukisimulia mbele ya jirani Mhindu, kumbuka Rama kwake ni mungu, si mhusika tu.)

Wakiwa wadogo sana, wape Panchatantra, mkusanyo wa hadithi za wanyama za India. Yule kima aliyedai moyo wake kauacha mtini yumo humo, ila papa wetu kule ni mamba, na mkuyu ni mzambarau. Bibi yangu alinisimulia hiyo kabla sijajua India iko upande gani.