Niliachiwa huru kwenye jinai, mbona nadaiwa fidia?

Swali: Mtu alinikaba shati tukizozana, nikampiga ngumi mbili. Mahakama ya jinai iliniachia kwa kuwa nilijihami. Sasa amefungua kesi ya madai, anataka fidia ya jino. Hukumu ile hainitoshi?

Jibu: Haitoshi, na tafadhali usiitegemee. Kwenye jinai, ni upande wa mashtaka uliotakiwa kuthibitisha, bila kuacha shaka, kwamba hukujihami. Kwenye madai mzigo unakugeukia: akishaonyesha kwamba ulimpiga, ni juu yako kuthibitisha kwamba ulijihami. Uingereza iliweka hilo wazi mwaka 2008, katika shauri la Ashley dhidi ya mkuu wa polisi wa Sussex. Kwenye jinai yatosha uwe uliamini kwa dhati kwamba unashambuliwa. Kwenye madai, imani hiyo lazima pia iwe na sababu za msingi. Wakili wako aangalie sheria ya kwenu inasemaje.

Kinachowaangusha wengi ni pigo la pili. Kama ngumi ya kwanza ilimfanya aachie shati na kurudi nyuma, hatari ilikwisha hapo. Ya pili itaitwa kisasi. Kwa hiyo hati ya utetezi isiishie kwenye neno "nilijihami". Eleza pigo kwa pigo: alikushika wapi, mkono wake wa pili ulikuwa unafanya nini, ungeweza kuondoka kwa njia gani, na hasa alifanya nini kati ya ngumi ya kwanza na ya pili. Usiandike "sikumgusa" na papo hapo "nilimpiga nikijihami". Wakili wake atakubana kwa hayo mawili mpaka usiaminike kwa lolote.

Hati hiyo ya utetezi iwasilishe mahakamani kabla ya siku iliyoandikwa kwenye wito, la sivyo hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa. Kama kulikuwa na kamera, mwandikie mwenye nayo leo hii aihifadhi picha, maana mitambo mingi hufuta rekodi za zamani yenyewe. Shati lililochanika usilifue wala kulishona.

Swali: Na kama alinitukana kwanza?

Jibu: Tusi peke yake halikupi haki ya kupiga. Hata kuguswa kidogo hakukupi haki ya kujibu kwa nguvu zozote. Katika shauri la Lane dhidi ya Holloway, Uingereza, 1968, mzee alimpiga kijana begani, naye akarudishiwa ngumi nzito ya jicho. Mahakama ya Rufaa ilimpa mzee fidia, ikakataa kuipunguza kwa sababu ya uchokozi wake.