Kabla hujalegeza skrubu ya kichwa

Juzi mdogo wangu mmoja kanitumia picha, furaha tele: enlaja, ile mashine ya chumba cha giza ya kukuzia picha kutoka negativu za filamu, ya negativu za inchi 4 kwa 5, imelazwa nyuma ya pikapu, kichwa chenye taa na lenzi bado kiko kwenye nguzo, mvukuto wake wa kukunjika umelalia tairi la akiba. "Kaka, nimeipata karibu na bure!" Nilishindwa kumjibu kwa muda. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mashine hizi hazizai. Kipande kikivunjika, dawa yake mara nyingi ni kuchinja mashine nyingine nzima.

1. Pima kabla hujalipa. Mlango, kona ya ngazi, halafu dari, na dari ipime kichwa kikiwa kimepandishwa mpaka mwisho wa nguzo. Wengi hupima meza na kusahau kwamba kichwa kinapanda.

2. Ulizia vitu vidogo kabla ya mashine yenyewe: vishikio vya negativu, vibao vya lenzi, kondensa (vioo vinene vya kukusanya mwanga wa taa), boksi la kuchanganyia mwanga, transfoma. Kichwa cha kuchapia picha za rangi kisicho na transfoma yake ni boksi la bati lenye feni. Durst Laborator 138 inapokea negativu za hadi sentimita 13 kwa 18, lakini kondensa zake hupangwa kwa jozi kufuatana na lenzi na ukubwa wa negativu. Ukiuziwa jozi moja tu, umenunua mashine ya kazi moja. Niliwahi kumwomba mjane wa mpiga picha atazame tena chini ya sinki, baada ya kuniambia kwamba hakuna kilichobaki. Akatoka na kopo la biskuti lenye vishikio sita, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi na kuandikwa ukubwa wake kwa penseli. Alikuwa karibu kulitupa. Kwa hiyo uliza mara ya pili, kwa adabu.

3. Lenzi imulike kwa tochi kutoka nyuma uone fangasi. Kwa negativu za inchi 4 kwa 5 tafuta ya milimita 150, kwa za sentimita 6 kwa 6 ya milimita 80. Ikiwa mbovu usiache mashine kwa sababu hiyo. Lenzi nyingine utaipata.

4. Springi. Hapa nisomeni taratibu.

Enlaja yangu kubwa ya kwanza niliinunua kwa mzee aliyekuwa anafunga chumba chake cha giza. Gari nilikuwa nimelikodi kwa saa, na rafiki yangu alikuja kunisaidia kubeba. Mzee akasema, "Ngojeni niwaletee chai, kisha niwaonyeshe inavyofunguliwa." Sikungoja. Nilikishusha kichwa mpaka chini ili tukifikie vizuri, nikakaza kitasa cha breki, nikafungua skrubu nne. Rafiki yangu alikuwa ameinama, mikono chini ya kichwa. Nikamwambia: inua.

Kichwa cha enlaja kubwa ni kizito, na ndani ya nguzo kuna springi zinazovuta juu ili uweze kukipandisha kwa mkono mmoja. Kikiwa chini kabisa ndipo springi zimevutika zaidi. Ukikitoa hapo, nguvu yote ile inabaki haina cha kubeba, na kitasa cha breki hakikutengenezwa kuizuia. Behewa, yaani kile kibebeo cha kichwa kinachopanda na kushuka kwenye nguzo, lilifyatuka. Niliusikia mlio wake kabla sijaona kitu. Mkono wa behewa ulimpasua rafiki yangu juu ya jicho, ukaenda kugonga kizuizi cha juu, na aluminiamu yake ikapasuka kuanzia tundu la skrubu mpaka ukingoni.

Mzee aliingia na sinia. Akaliweka sakafuni, akamkalisha rafiki yangu, akamkandamizia taulo mpaka damu ikakata. Baadaye ndipo alipoigeukia mashine, akapitisha kidole gumba kwenye ule ufa, polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyeanguka. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Fundi alichomelea ule ufa, lakini kichwa hakikurudi sambamba na ubao wa chini unaowekewa karatasi. Kwa miaka yote niliyoitumia mashine ile, kona ya kushoto ya chini ya kila picha kubwa ilikuwa laini, haina ukali, hata nikibana diafragma, tundu la lenzi. Rafiki yangu ana kovu. Kila tukikutana naliona kabla sijaona macho yake.

Basi fanyeni hivi. Pandisha behewa mpaka juu kabisa, hata kama itabidi usimame kwenye ngazi. Huko springi zimelegea. Kwa mashine zenye uzito wa kusawazisha kichwa badala ya springi ni vilevile, maana behewa likiwa juu uzito uko chini na hauna pa kuangukia. Kaza breki. Tafuta pini ya kufungia, baadhi ya mashine zinayo. Kisha funga behewa kwenye nguzo kwa kamba imara, mizunguko kadhaa, na uivute kwa nguvu uone kama imeshika. Ndipo uguse skrubu ya kichwa. Na kamba isifunguliwe mpaka kichwa kirudi mahali pake.

5. Kupakia: kondensa na balbu zitoke, kila kioo kifungwe peke yake, skrubu za kila sehemu ziwe na mfuko wake, na piga picha kila hatua. Mvukuto usilaliwe na kitu wala usishikwe wakati wa kunyanyua. Ukishaiunganisha tena, pima usambamba wa negativu, lenzi na ubao kabla hujachapa picha kwenye karatasi hata moja.

Nawe wa pikapu, kama hujaishusha, usiiguse. Nipigie, nakuja na kamba.