Nunua daftari kabla ya kuanza kibarua

Jumatatu ijayo mdogo wangu anaanza kibarua kiwandani. Alinipigia jana usiku, "Shikamoo dada," na kabla sijamaliza kuitikia akawa ameshanieleza yote: amepata, kiwanda kiko Pugu Road, hapa Dar es Salaam, wanalipwa kila Jumamosi. Nilifurahi sana, maana najua amekaa nyumbani muda gani. Kisha nikamwambia akanunue daftari. Akauliza la nini, kwani anakwenda shule? Nilichomjibu nakiandika hapa, kwa kuwa hatasimama getini peke yake.

Mimi nilifungasha mabeseni na ndoo za plastiki pande za Vingunguti kwa zaidi ya miaka miwili, hadi 2017. Saa 11 alfajiri foleni imeshajaa getini. Nyapara anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyenyooshewa anarudi nyumbani, nauli imeshakwenda. Walioingia wanaanza saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku, kula nusu saa, siku sita kwa wiki, shilingi 5,000 kwa siku. Ukichelewa kidogo umekatwa nusu siku. Mwanamke akienda chooni mara kwa mara anaulizwa kama ana mimba, na ikijulikana anayo, kesho yake kidole hakimnyookei tena.

Daftari sikulianza kwa ujuzi wowote. Jumamosi moja nilipewa pesa ya siku tano badala ya sita, nikaambiwa Jumatano sikuonekana. Jumatano hiyo nilikuwepo, mikono ilikuwa bado ina malengelenge ya ndoo za moto. Lakini sikuwa na cha kuonyesha. Tangu siku ile kila usiku kabla ya kulala niliandika mstari mmoja: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mashine niliyokuwa, nyapara wa zamu, na Jumamosi kiasi nilichopokea.

Mwanzo niliandika ili nisipunjwe siku. Baadaye ndugu mmoja anayejua sheria aliliona daftari, akachukua kalamu akanipigia hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Mimi, ukitoa nusu saa ya chakula, nilikuwa nafanya 69. Hizo 24 za juu ni saa za ziada, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Kima cha chini cha viwandani wakati huo, kwa amri ya mshahara ya 2013, kilikuwa 115,000 kwa mwezi, karibu 590 kwa saa. Akajumlisha: kwa kima cha chini kabisa nilistahili zaidi ya 47,000 kwa wiki. Nilikuwa napokea 30,000. Tena sheria hairuhusu saa za ziada zaidi ya 50 katika wiki nne, na mimi nilikuwa nafikisha 96. Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Miaka yote nilidhani nalipwa kidogo kwa sababu sikusoma.

Kima cha chini hubadilika. Amri iliyoanza Januari 2023 ilipandisha cha viwandani hadi 150,000, kwa hiyo tafuta amri ya karibuni kabisa na uangalie sekta yako, maana mlinzi, mtumishi wa nyumbani na mfanyakazi wa kiwanda kila mmoja ana kiwango chake.

Nilimuuliza msimamizi kuhusu saa za ziada. Nilimuuliza kwa adabu. Jumatatu iliyofuata nikaambiwa, "Wewe pumzika, tutakuita."

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo ninapotaka msomaji wangu asipite haraka. Niliamini kuwa nitaitwa. Nilikwenda getini mara tatu, nikapiga simu, katikati tukapata msiba Morogoro nikakaa huko. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA, inayosikiliza migogoro ya kazi, zilikuwa zimepita siku 42. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mishahara na saa za ziada, ni siku 60. Unaweza kuomba uongezewe muda, lakini lazima uwe na sababu nzito kwa siku zote ulizochelewa, na kusubiri simu ya msimamizi si sababu. Dai la kuachishwa likanipotea. La pesa likabaki.

Kwa hiyo ukiambiwa "tutakuita", andika tarehe hiyo uizungushie duara, anza kuhesabu. Kufungua shauri Tume hakulipiwi. Unajaza fomu namba 1, unampelekea mwajiri nakala kwanza, anasaini kuwa ameipokea. Akikataa unaituma posta kwa rejista na kutunza risiti. Nakala iliyobaki na ushahidi huo ndivyo unavyopeleka Tume. Ukishindwa kujieleza, afisa wa chama cha wafanyakazi anaweza kusimama nawe. Kwa viwanda ni TUICO, na wasio na chama wanaweza kwenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuomba msaada.

Siku ya usuluhishi mwakilishi wa kiwanda alisema hanijui. Kibarua wa kutwa, alisema, si mwajiriwa. Nikafungua daftari. Sheria ya Taasisi za Kazi inasema mtu aliyemfanyia mwingine kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, na mimi saa 45 nilizimaliza kila wiki kabla Alhamisi haijaisha. Mkataba wa maandishi sikuwa nao, lakini kuutoa ni wajibu wa mwajiri, na asipouonyesha ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi. Msuluhishi aliomba daftari la walinzi wa getini lilinganishwe na langu. Halikuletwa. Kikao kilichofuata walikubali kulipa. Hazikuwa zote, ila zilitosha kodi ya miezi sita na cherehani.

Lipo jambo ambalo daftari peke yake halilitibu. Dada tuliyekuwa naye mashine moja alikatika vidole viwili. Walimpeleka hospitali kwa gari la kiwanda, na njiani akaambiwa aseme ameumia nyumbani, eti watamtunza. Alisema hivyo. Kadi ikaandikwa hivyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba. Lakini kadi ya kwanza ya hospitali ilikuwa imeshasema nyumbani. Ukiumia, hata uwe na maumivu ya namna gani, mwambie daktari ukweli wa mahali na saa. Naililia ile kadi hadi leo.

Na nyapara anayetaka "shukrani" ya mwili ili kidole chake kikunyookee: hiyo ni rushwa ya ngono, iko kwenye sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea malalamiko yake. Mimi nilikaa kimya nilipotakiwa, nikahama zamu. Namwambia kila binti ninayekutana naye kuwa nilipaswa kwenda, na tarehe zote nilikuwa nazo.

Mdogo wangu amenunua counter book, ameniahidi. Nimemwambia asiende nalo kazini. Langu la pili lilichukuliwa getini kwenye upekuzi na sikulipata tena, miezi minne ya saa zangu ikaondoka nalo. Alitunze chumbani, na kila Jumamosi alipige picha anitumie.