Geji za boti zikichezacheza, anza na waya wa ethi

Unawasha taa za boti, mshale wa petroli unapanda hadi tenki linaonekana limejaa. Unazima taa, unashuka. Geji ya mizunguko inaruka kutoka 3000 hadi sifuri wakati mashine inanguruma vilevile, na ya volti inatetemeka. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kununua geji mpya. Nawasihi msinunue kwanza. Katika boti nilizozishughulikia, geji yenyewe imekuwa na kosa mara chache sana. Kosa huwa kwenye njia inayoiletea umeme au inayourudisha.

Swali la kwanza kabla ya kushika bisibisi: inayocheza ni geji moja au ni zote? Jibu lake ni nusu ya kazi. Zikicheza zote kwa pamoja, tafuta kitu zinachokitumia pamoja: betri, swichi ya ufunguo, waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri), au plagi kubwa inayounganisha nyaya za mashine na za dashibodi. Ikicheza moja tu huku nyingine zimetulia, fuata sensa yake, yaani kifaa kinachopima na kuipelekea habari, na waya wake.

Geji ya joto naitenga na nyingine zote. Ikipanda ghafla, ichukulie kuwa inasema kweli mpaka uthibitishe vinginevyo. Punguza mwendo, tazama kile kitundu cha pembeni kinachorusha maji. Kama maji hayatoki, au yanatoka kidogo na yana moto mkali, zima mashine hapo hapo. Huenda impela, ile feni ndogo ya mpira inayosukuma maji ndani ya pampu, imekufa au njia ya maji imeziba kwa takataka. King'ora kikilia pamoja na mshale kupanda, usibishane nacho. Nimesikia watu wakisema "hiyo geji ni mbovu tu siku zote", na maneno hayo yananitia hofu, kwa sababu injini ikikosa maji huungua kwa dakika chache. Habari za nyaya ni za kushughulikia ukiwa umefunga boti salama.

Sasa ethi. Nyuma ya dashibodi, mara nyingi waya mmoja mweusi unatoka kwenye geji ya kwanza kwenda ya pili, wa pili kwenda ya tatu, mpaka mwisho. Geji zote na taa zake ndogo zinarudishia umeme humo. Kiungo kimoja kikipata kutu, umeme wa taa unakosa pa kupita na kutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni kupitia geji ya jirani na sensa yake. Ndiyo maana mshale wa petroli unabadilika ukiwasha taa. Tenki halijajaa wala halijapungua. Ni umeme uliopotea njia unaopita mahali pasipo pake. Ukiona geji inafuata swichi ya kifaa kingine, iwe taa, pampu ya kutoa maji au redio, una karibu uhakika kwamba ethi ni mbovu.

Kuna jaribio rahisi. Chukua waya mrefu, unganisha ncha moja kwenye hasi ya betri, na nyingine iguse bolti ya ethi nyuma ya geji, ile iliyoandikwa G. Mshale ukitulia, umeshapata ugonjwa. Mwenye multimita, yaani kipimo cha umeme, apime hivi: aiweke kwenye volti za DC, ncha moja hasi ya betri, nyingine kwenye ile bolti ya G, kisha awashe ufunguo, taa na pampu kwa pamoja. Usomaji unatakiwa kuwa karibu na sifuri. Ukizidi volti 0.3, kuna kiungo kinachozuia umeme njiani, na utakipata kwa kusogeza ncha kiungo hadi kiungo. Upande wa chanya hupimwa vivyo hivyo: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye bolti iliyoandikwa I. Tofauti ikiwa kubwa huku, shuku swichi ya ufunguo au kishikio cha fyuzi.

Nasisitiza kupima vifaa vikiwa vimewashwa. Waya uliobakiza uzi mmoja mzima ukiupima kwa mlio wa multimita, unaoonyesha tu kama waya haujakatika, utalia vizuri kabisa, nawe utaupitisha kuwa mzima. Ukiubebesha umeme wa kweli ndipo unapoonyesha udhaifu wake. Nimeona mafundi wenye uzoefu wakizunguka boti siku nzima kwa sababu waliamini ule mlio.

Ukishapata kiungo kibovu, fungua hasi ya betri kabla ya kurekebisha. Kata waya, vua plastiki, tazama shaba. Ikiwa nyeusi au kijani, endelea kukata kurudi nyuma mpaka ufikie inayong'aa, kwa sababu chumvi huingia ndani ya plastiki na kutambaa mbali na jeraha. Ukilazimika kubadilisha waya mzima, weka ule wa boti ambao kila uzi wake umepakwa bati; waya wa kawaida wa nyumbani hauvumilii unyevu. Bana kiungo kwa koleo lake maalumu, kisha kifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kusokota nyaya kwa mkono na kuzungushia tepu sikubali kwenye boti. Tepu inashikilia maji ndani, na utarudi pale pale.

Betri ipimwe mapema pia. Iliyojaa na iliyopumzika inasoma kama volti 12.6, na ikishuka hadi 12.2 imebakiwa na takribani nusu. Mashine ikiwa inazunguka vizuri, na kama ina mfumo wa kuchaji, tarajia kati ya 13.5 na 14.5. Nati za betri zikazwe kwa spana. Zile za masikio, zinazokazwa kwa vidole, hulegea kwa mtikisiko wa mawimbi, na kulegea huko hakuishii kwenye geji: betri ikiachia mashine ikiwa inazunguka, rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa kuchaji uwe wa DC, inaweza kuungua.

Hapo tunafika kwenye geji ya mizunguko. Kwenye mashine nyingi za boti inahesabu mapigo ya umeme yanayotoka kwenye mfumo wa kuchaji. Kwa hiyo ikiruka au ikifa peke yake, usiangalie geji tu, angalia pia kama betri inachajiwa. Volti zikibaki 12 na kitu hata ukiongeza moto, rektifaya au koili za kuchaji zinahitaji kuchunguzwa. Kama inasoma kwa utulivu lakini namba haiaminiki, tazama nyuma yake: zipo zenye kitufe cha kuchagua idadi ya poli (ncha za sumaku) za altaneta, yaani jenereta ya kuchaji, kama 4, 6 au 12. Kizungushe kwenda na kurudi ukiwa umezima umeme, maana hata chenyewe hushika kutu, kisha kiache kwenye namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako.

Geji ya petroli ina mambo yake. Mshale kuyumba boti inapopanda mawimbi ni kawaida, mafuta yanacheza tenkini. Ukiyumba boti imetulia, fanya jaribio hili nyuma ya dashibodi, mbali na tenki. Washa ufunguo, chomoa waya wa sensa kwenye bolti ya S. Kwa geji za mfumo wa Marekani, ambazo sensa yake ni omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 240 tenki likiwa tupu na 33 likijaa, mshale utashuka hadi tupu. Ukiunganisha S na G kwa kipande cha waya, utapanda hadi kujaa. Ikifanya yote mawili, geji ni nzima na tatizo liko kwenye waya au sensa. Mfumo wa Ulaya, unaotumia takribani omu 10 hadi 180, unafanya kinyume. Ndiyo maana mtu akinunua geji bila kuuliza sensa yake ni ya mfumo gani, anaweza kuona tenki tupu likisomeka limejaa. Kabla ya kugusa sensa iliyo juu ya tenki, fungua vifuniko vyote hewa ipite, zima umeme wote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatua chini ya boti na kungoja cheche.

Geji ya mwendo inayotumia bomba la maji ni suala la kusafisha tu: tundu lake huziba kwa mchanga na viumbe vya baharini. Chomoa bomba kwenye geji kwanza ndipo upulize hewa, la sivyo utapasua geji. Wenye skrini za kidijitali za NMEA 2000, mtandao wa nyaya unaounganisha vifaa vya boti, wazime umeme na kupima kati ya nyaya mbili za data: omu 60 ni sawa, 120 maana yake resista inayofunga ncha moja ya mtandao haipo au haijaungana.

Kama kila kitu kinapima vizuri na bado geji zinacheza mashine ikitetemeka, nenda kwenye plagi kubwa ya nyaya. Washa mashine ikiwa majini au imeunganishwa maji, kamwe usiiwashe kavu, kisha mwenzako atazame dashibodi wakati wewe unatikisa plagi na nyaya taratibu, mbali na flaiwili na propela. Mshale ukishtuka, zima, fungua plagi, na utafute pini yenye ukijani au iliyorudi nyuma kwenye tundu lake.