Mkuu, weka chini hiyo chupa ya stelingi kwanza

Uzi wako sijaumaliza. Nimefika pale uliposema kalipa ya mbele kulia (kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski) inavuja, raba za pistoni umeshanunua, unataka "kuzipaka oili kidogo pistoni iteleze", halafu utajazia oili ya stelingi maana mafuta ya breki yamekwisha "na zote si haidroliki tu". Hapo nimeacha kusoma nikaanza kuandika.

Si haidroliki tu! Hilo neno ndilo lililonifilisi.

Yangu ilikuwa ya mbele kushoto. Tairi limelowa upande wa ndani, pedi inang'aa kama imepakwa samli, kopo la mafuta ya breki linashuka kila wiki. Nikaangalia video ya jamaa mmoja, ana glavu safi kuliko mashati yangu, anasema: "Kabla ya kurudisha raba, paka grisi nyekundu." Basi. Grisi gani, kopo lake likoje, hakuonyesha. Nikaenda kwa muuza spea nikaomba grisi nyekundu, akanipa grisi nyekundu. Kwa rangi hakukosea. Ilikuwa ya beringi! Ile aliyoisema jamaa ni grisi maalumu ya raba, nayo nyekundu, ila undani wake ni kitu kingine kabisa. Mimi nilinunua rangi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeosha kalipa kwa petroli, kwa sababu nilitaka iwe safi. Usicheke.

Wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, mafuta ya breki yakaniishia njiani. Nikarudi kwa muuza spea yuleyule. Akanipa chupa ya stelingi, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyezaliwa gereji: "Stelingi ni haidroliki, breki ni haidroliki, kitu kimoja." Laiti ningemuuliza kwa nini basi zinauzwa kwenye chupa mbili tofauti. Nikajaza, nikakanyaga, nikafungua, nikafunga, mpaka oili ikapita magurudumu yote manne. Yaani niliisambaza mwenyewe, kwa bidii na jasho, mpaka kona ya mwisho ya gari.

Siku ya kwanza nilijiona injinia. Pedali imesimama, hakuna tone chini. Siku ya pili pedali ikaanza kuwa juu na ngumu, nikasema ndiyo breki mpya hizo. Siku ya tatu gari likawa zito kama linavuta tela, na harufu ya kuungua nikaisingizia lori lililokuwa mbele yangu. Lori likakata kona, harufu ikabaki. Nilipopaki, lile gurudumu la kushoto lilikuwa linatoa joto ambalo mkono haukaribii. Nikaliacha lipoe, nikapiga jeki. Halizunguki. Nikalegeza kile kinipo cha kutolea upepo, oili ikaruka mchirizi mmoja kwa nguvu, na gurudumu likawa huru hapohapo.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kuna presha humo wakati hakuna aliyekanyaga pedali. Mimi nikaamua ni upepo. Nikatoa upepo upya. Kwa oili ileile.

Fundi mzee niliyempelekea hakushika spana hata moja. Alifungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, akakigeuza. Ile raba nyembamba ya ndani ilikuwa imetanuka na kujikunja mawimbi mawimbi. Akajaribu kuirudisha kwenye nafasi yake, ikagoma. Akibonyeza upande huu, inachomoka upande ule. Akaniuliza swali moja: "Uliweka nini?" Nikajibu, "Haidroliki." Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

Kisha akavuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano, akayamimina kwenye glasi ya maji na kukoroga. Mafuta ya breki ya kawaida yanachanganyika na maji. Yangu yaliacha utando mwekundu unaelea juu. Kwa hiyo kama na wewe ulinunua gari mkononi mwa mtu na huna uhakika na kilichomo, glasi ya maji itakuambia.

Kinachotokea ni hiki. Raba za ndani ya breki ni za aina inayoitwa EPDM. Zinaelewana na mafuta ya breki ya glaikoli: DOT 3, DOT 4, DOT 5.1. Zikikutana na chochote cha ukoo wa petroli (oili ya injini, ya stelingi, ya giaboksi, grisi ya beringi, dizeli ya kuoshea) zinakinywa, zinavimba na kulainika. Na ile raba ya pistoni haizuii kuvuja tu. Ukikanyaga pedali inapinda pamoja na pistoni, ukiachia inajinyoosha na kuivuta nyuma kidogo, chini ya milimita, ndiyo maana pedi inaachia diski. Ikivimba haivuti tena. Huko kwenye masta nako (ile silinda kuu inayosukumwa na pedali), raba iliyovimba inaziba kitundu ambacho mafuta yanarudia kwenye kopo. Presha inanaswa, breki zinajishika zenyewe, joto linapanda, zinajishika zaidi.

Sasa bili. Masta nzima. Raba za kalipa zote mbili za mbele, pamoja na ile niliyoifunga siku tatu kabla. Silinda ndogo za nyuma. Hosi zote. Kopo na kifuniko chake. Mabomba ya chuma yakaoshwa kwa spiriti, yakapulizwa yakauka, ndipo yakapitishwa mafuta mapya ya breki mpaka yakatoka meupe. Na gari langu halikuwa na ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla. Kama lako linayo, ile pampu yake ina raba ndani, na haifunguliki uani kwako. Haya yote nikikwepa kununua chupa moja ndogo ya DOT 4. Mke wangu mpaka leo nikishika spana ananiuliza, "Haidroliki ipo?"

Kwa hiyo raba ya pistoni unailowesha kwa mafuta ya breki. Hayohayo ya kwenye chupa mpya, chovya kidole, paka raba, paka pistoni, isukume kwa mkono bila kuipinda. Inateleza vizuri tu. Kuosha ni kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki, na acha ikauke. Vile vipini ambavyo kalipa inatelezea ndivyo vinakula grisi, ya silikoni ya breki, nayo isiende kwenye pistoni.

Na kabla hamjaja kunibishia: ndiyo, najua zile Citroën za zamani zina mafuta ya kijani ya LHM ambayo ni ya madini, na breki za baiskeli za Shimano nazo zina mafuta yake ya madini. Raba zake zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Mwenye uzi ameuliza habari ya gari la kawaida. Angalia kifuniko cha kopo, kimeandikwa DOT ngapi, weka hiyo. Na DOT 5 isikuchanganye na 5.1, ile 5 ni silikoni, haichanganywi na nyingine.

Ulikuwa na maswali mengine, sijui la pedi na la gurudumu lipi lianze kutolewa upepo. Pedi iliyokunywa mafuta tupa, na ya upande wa pili ubadilishe pia. Mpangilio wa kutoa upepo uko kwenye kitabu cha gari lako, magari hayafanani. Ah, na futa kalipa ikauke, mtu akanyage pedali wewe ukiangalia, maana huenda kinachovuja ni zile washa mbili za shaba kwenye bolti ya hosi na pistoni haina kosa. Pistoni ikiwa na vishimo vya kutu, raba mpya haitakusaidia.

Kama chupa ya stelingi umeshaimimina kwenye kopo wakati nikiandika haya, usikanyage pedali hata mara moja, wala usiwashe gari. Ivute yote kwa bomba la sindano, fungua kopo ulitoe ulioshe, halafu njoo hapa utuambie kama ulikuwa umekanyaga au la.